Hana adabu, ana madharau au ni mtovu wa nidhamu? Kuchagua neno la tabia mbaya

Mtu akikosewa, neno la kwanza kumtoka ni "hana adabu". Pale stejini linatosha. Kwenye barua kwa chama cha matatu, kwenye ripoti ya mwanafunzi, kwenye barua ya onyo kazini au mbele ya mzee wa mtaa halitoshi, kwa sababu huko utaulizwa: alifanya nini hasa? Kiswahili kina maneno mengi ya tabia hii na kila moja linashtaki jambo lake. Ukichukua lisilofaa kesi inakugeukia: watu wanaacha alichofanya yeye na kuanza kuzungumzia ulichosema wewe.

Ulinganisho huu ni wa msemaji wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na pande hizo, ambako wengi tuna lugha ya mama nyumbani na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Kuna maneno ambayo huku husomwa tu na hayasemwi, na kuna mengine ambayo yamepata uchungu ambao kamusi haiuonyeshi.

Vipimo

Kila neno tumelipima kwa maswali matano. Linashtaki nini: tendo la mara moja, tabia, nia ya moyoni, au malezi? Linamwelekea nani: mtoto, wa rika lako, aliye chini yako kazini, au mkubwa wako? Ni la mdomo au la maandishi? Ukiombwa ushahidi utauonyesha? Na je, watu hulikosea wapi?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Tendo huombewa msamaha na kuisha jioni hiyo hiyo. Ukishagusa malezi umemgusa mama wa mtu, na hapo msamaha hauji upesi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue tukio moja la kubuni na kulitia katika kila neno. Matatu imetoka Nakuru, imefika Njoro. Mama mmoja ametoa noti ya shilingi 100, nauli ni 80, anadai chenji yake. Makanga anamtupia sarafu ya shilingi 20 mapajani bila kumtazama, anasonya, kisha anasema: "Wewe mama, ukitaka kuheshimiwa nunua gari yako."

Kukosa adabu

Adabu ni mwenendo wa mtu mbele ya wenzake: anavyosalimu, anavyopokea kitu, anavyongoja mkubwa amalize kusema, anavyoitika akiitwa. Kwa hiyo neno hili linashika vizuri mambo yanayoonekana kwa macho, kama kutupa chenji, kusonya, kubetua midomo, au kumpa mtu mgongo akiwa bado anazungumza. Makanga wetu amekosa adabu, na abiria wote ni mashahidi.

Uzito wake hutegemea kitenzi unacholiwekea. "Amekosa adabu" ni la leo, kwa jambo hili. "Hana adabu" ni la siku zote. "Hakufunzwa adabu" limeshamruka yeye na kutua kwa wazazi wake. Tofauti hii wengi huipita mbio, na ndiyo huzua ugomvi wa majirani. Huku kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, hivyo ukimwambia Mama Brian kwamba Brian hana adabu, umemtaja yeye mara mbili. Mwambie hivi: "Mama Brian, leo Brian amenijibu vibaya pale dukani, nikaona heri nikueleze." Atamwita mtoto mwenyewe amwulize. Ukianza na "mtoto wako hana adabu", atamtetea hata akijua amekosa.

Kosa la kawaida ni kuchanganya adabu na adhabu. Sauti ya "dh" huwatatiza wengi wetu, na wengine kwa kuogopa kukosea huitia hata pasipotakiwa. "Mtoto hana adhabu" maana yake ni kwamba hana la kuadhibiwa, kinyume kabisa cha ulichokusudia. "Kumtia adabu" ni kumrekebisha, ila wengi wakilisikia hufikiria kiboko. Shule isiliandike kwenye barua kwa mzazi: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Na "shika adabu yako!" husemwa na mkubwa kwa mdogo. Kwa mtu wa rika lako ni uchokozi.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kulitumia. Hotelini Nakuru au Kisumu mteja husema "leta chai mbili na chapati", na mhudumu haoni ubaya. Mgeni wa Tanga au Mombasa aliyezoea "naomba" atasikia ukavu. Hapo hakuna aliyekosa adabu, ni mazoea mawili yamekutana. Neno hili lihifadhiwe kwa anayevunja mazoea ya mahali alipo huku akiyajua.

Linamfaa mzazi, mlezi, au yeyote anayemsema mtoto na kijana. Kwa mtu mzima linamshusha hadi utotoni. Pengine ndivyo unavyotaka, lakini ujue unalofanya.

Kumkosea na kumvunjia heshima

Heshima lazima iwe na mwenyewe. Mtu anaweza kukosa adabu peke yake mezani, lakini akikosa heshima kuna aliyekosewa, na sentensi humtaja: "alimkosea heshima mama yule". Ndiyo maana neno hili hufaa sana kwa malalamiko. Linamweka aliyeumizwa mbele, na halihukumu tabia nzima ya mkosaji.

"Kumvunjia heshima" ni hatua ya juu. Hapo aliyekosewa alikuwa na hadhi na imeshushwa mbele za watu: mwalimu mbele ya darasa, baba mbele ya wakwe, mwenyekiti wa kikundi mbele ya wanachama. Mama wa Njoro anaweza kusema amevunjiwa heshima, kwa sababu gari lilikuwa na watu na kauli ilisemwa kwa sauti. Kama makanga angemnong'oneza maneno yale yale, "amenikosea heshima" lingetosha. Kwa ushahidi basi unahitaji mambo mawili: alichosema au kufanya, na nani waliokuwepo.

Watu hulikosea kwa kulitumia pasipo na kosa lolote. Mdogo akikataa jambo kwa sauti ya upole, mkubwa hudai amevunjiwa heshima. Kukataa si kuvunja heshima. Namna ya kukataa ndiyo inayoweza kuwa hivyo.

Umbo lake la kujirejelea lina kazi nzuri. "Unajivunjia heshima" humwambia mtu mzima kwamba anayepoteza ni yeye. Linakemea na papo hapo linakiri kwamba anayo heshima ya kupoteza, kwa hiyo linapokelewa pale ambapo "huna adabu" lingewasha moto. Linamfaa abiria, mteja, mwanakikundi, na mtu aliyekosewa na wa rika lake.

Utovu wa nidhamu

Hili ni la ofisi na shule. Utovu ni ukosefu, na nidhamu ni kufuata utaratibu uliowekwa. Pasipo utaratibu, neno halina mguu wa kusimamia. Mwanafunzi anaweza kuwa mtovu wa nidhamu, askari pia, na mfanyakazi. Jirani yako hawezi, mteja wako hawezi. Makanga anaweza, ikiwa chama chake cha matatu kina kanuni za kuhudumia abiria, na barua yako itakuwa na nguvu zaidi ukiomba kanuni hizo zifuatwe.

Ubaridi wake ndio faida yake. Halimtukani mtu na halisemi lolote kuhusu kwao. Ubaridi huo huo ndio kasoro yake: utovu wa nidhamu hubeba kuchelewa, kutoroka, kuvaa sare vibaya, kupigana na kumtukana mwalimu, vyote pamoja. Mzazi akisoma "mwanao ameonyesha utovu wa nidhamu" hajui kama aje na ombi la msamaha au na sare mpya. Linganisha na hili: "Jumanne, kipindi cha tatu, alimsonya mwalimu mara mbili alipoambiwa afungue kitabu, kisha akatoka darasani bila ruhusa." Neno liwe kichwa, tendo liwe mwili wa barua.

Kazini jambo hili lina sheria. Kifungu cha 44(4)(d) cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja lugha ya matusi, au mwenendo wa kumtusi mwajiri au mtu aliyewekwa na mwajiri kuwa juu ya mfanyakazi, miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa sababu ya kufukuzwa papo hapo. Mteja hatajwi katika kipengele hicho, kwa hiyo mwenye duka au hoteli aandike katika kanuni zake mwenyewe namna wateja wanavyopaswa kuhudumiwa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake aliyemchagua, na amsikilize kabla ya kuamua. Barua isemayo tu "utovu wa nidhamu" humwacha mwajiri bila cha kueleza siku hiyo.

Hukosewa kisarufi kwa kurudufu: "utovu wa ukosefu wa nidhamu" ni kukosa kukosa, yaani sifa njema. Sema "mtovu wa nidhamu", wengi "watovu wa nidhamu".

Dharau

Kwenye maandishi ni dharau, mdomoni huku kwetu ni "madharau": "Huyo ana madharau!" Linashtaki nia. Mwenye dharau amekupima moyoni akakuona si kitu, na tendo lake ni dalili tu. Makanga wetu hakusema kwa maneno kwamba mama yule ni duni, lakini "nunua gari yako" limebeba hivyo: asiye na gari hastahili heshima. Kati ya maneno yote tunayolinganisha, hili ndilo linaloeleza maumivu ya mama yule kwa ukweli zaidi.

Shida ni ushahidi. Moyo hauonekani. Mtuhumiwa atajibu "sikumdharau, nilikuwa na haraka", na huna la kumrudishia. Kwa hiyo dharau ni neno jema la kusimulia na neno dhaifu la kushtaki. Ukilazimika kuliandika, liegemeze kwenye kauli yenyewe, neno kwa neno, umwachie msomaji aone nia.

Hatari yake kubwa iko kwenye wingi. "Ana madharau" hugeuka haraka kuwa "hao watu wana madharau", na hao watu wakawa kabila. Nakuru ni mji wa makabila mengi ulioumia vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Mwaka 2022 Tume ya uwiano ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, likiwemo "madoadoa", lililotumiwa kuwaita watu wa makabila mengine wanaoishi mahali. Dharau halimo katika mambo hayo, ni neno safi. Lakini kosa la makanga mmoja ni la makanga mmoja, na sentensi yako ibaki kwenye umoja.

Chunga pia "ka-" yetu ya bara, ile ya kudogesha. Ukiandika "hako kajamaa kalinitupia pesa", umemshtaki mtu kwa dharau huku ukimdharau.

Linamfaa anayemweleza rafiki, mke, mume au mshauri jinsi alivyoumia. Linamfaa pia anayemwonya ndugu yake faraghani: "Ukiongea hivyo watu wataona una madharau." Hapo halimshtaki, linamwonyesha anavyoonekana.

Jeuri, ufidhuli, ujuvi

Haya matatu yanakaa karibu na huchanganywa. Jeuri ni ukaidi wenye nguvu nyuma yake: mtu anakosa akijua hakuna wa kumfanya kitu, kwa sababu ya mwili, cheo au pesa. Ndiyo maana tunasema "jeuri ya pesa". Makanga aliyesema vile huku akijua mwenye gari ni nduguye, huyo ana jeuri. Angalia lakini kwamba neno hili wakati mwingine huwa karibu na sifa: "nani ana jeuri ya kumkabili?" ni kuuliza nani ana ubavu. Ukimwita kijana jeuri mbele ya wenzake, huenda ukawa umempandisha bei.

Ufidhuli ni ukosefu wa adabu uliokolea, wa makusudi, wenye maneno makali. Ni neno la magazeti, insha na hotuba. Sokoni Kibuye, Kisumu, ukimwambia mtu "wewe mfidhuli" pengine atakuuliza maana, na hasira yako itapoa ukieleza. Kwa mwanafunzi wa insha ni lulu, kwa sababu linabeba tendo na tabia pamoja bila kuwa tusi.

Ujuvi ni wa mdogo anayejitia kujua: anadakia mazungumzo ya wakubwa, anawasahihisha, anajibu swali asiloulizwa. Makanga wetu si mjuvi. Mtoto anayemkatiza shangazi yake ndiye mjuvi. Hapa chunga herufi moja: mjuvi ni lawama, mjuzi ni sifa ya fundi na mwenye elimu. Kwenye simu inayojisahihishia maneno kosa hili hutokea kirahisi, soma tena kabla ya kutuma.

"Si uungwana"

Hili ni pole kuliko yote, na linastahili kutumika zaidi ya tunavyolitumia. Linakataa tendo bila kumpa mtu jina: "kumtupia abiria chenji si uungwana". Linaandikika kwa meneja, kwa mwenyekiti wa nyumba za kupanga, kwa mwalimu wa mwanao, hata kwa mtu usiyemjua. Udhaifu wake ni kwamba mkaidi hulisikia akalipita. Linamfaa anayetaka kuendelea kuishi au kufanya biashara na aliyemkosea.

Ushenzi na matusi mengine

Mshenzi, takataka, mbwa: watu huyatumia wakidhani wanaeleza tabia, kumbe wanatukana. Mshenzi lina historia inayotuhusu moja kwa moja. Zamani watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, waliowaona hawana dini wala ustaarabu wao. Mtu wa Kakamega anayemwita jirani yake mshenzi anaokota jiwe lililowahi kurushiwa babu zake.

Kisheria pia si mchezo. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinafanya kuwa kosa kutumia maneno ya vitisho au matusi mahali pa umma kwa namna inayoweza kuvuruga amani, na kifungo chake kinaweza kufika miezi sita. Aliyetupiwa chenji akajibu kwa matusi stejini anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Mahali pekee ambapo maneno haya yanafaa kuandikwa ni ndani ya alama za kunukuu, unaporipoti alichosema mwingine.

Neno gani kwa hali gani

Kwa mtoto mdogo asiyetulia, anayegusa kila kitu, usifike hata kwenye adabu. Ni mtundu au mtukutu, na mzazi atacheka nawe. Adabu ianze pale anapojua mazoea na kuyavunja.

Mwalimu wa darasa anayeandika ripoti: "utovu wa nidhamu" kama kichwa, kisha tendo, siku na kipindi. Asiandike "mjeuri" wala "ana kiburi". Kiburi ni cha moyoni, na ripoti hubaki kwenye faili miaka mingi baada ya mtoto kubadilika.

Mwajiri afanye vivyo hivyo, aongeze kanuni iliyovunjwa na amsikilize mfanyakazi kabla ya hukumu. Kama kosa ni la mara ya kwanza na ni dogo, mazungumzo ya faraghani yenye "unajivunjia heshima" hurekebisha mengi ambayo barua ingeyakaza.

Abiria anayelalamika: andika nambari ya gari, saa, njia, kisha "alinikosea heshima kwa kunitupia sarafu na kuniambia..." ukinukuu maneno. Sentensi tatu zinatosha. Dharau mwache msomaji aione mwenyewe.

Mwanafunzi wa insha ana uhuru kuliko wote. Achague ufidhuli kwa mhusika mkali, ujuvi kwa kijana, jeuri kwa tajiri au mwenye cheo, na asirundike yote kwa mtu mmoja katika aya moja.

Mkubwa wako akikukosea, mzee au mkwe, karibu maneno yote hapo juu yanakufunga mdomo. "Mzee hana adabu" ni ukosefu wa adabu wenyewe. Tumia lugha ya maneno yaliyosemwa: "Mzee, yale maneno ya jana yaliniingia vibaya." Au pitia kwa wa rika lake, ambaye anaweza kumwambia waziwazi kwamba hayakumfaa mtu kama yeye.

Ukifika kwa chifu au kituo cha polisi, acha vivumishi vyote. Taja maneno kama yalivyotoka, kwa lugha iliyotumika, iwe Kidholuo, Kikuyu, Kinandi au Kilogooli, kisha ueleze maana yake kwa Kiswahili kando. Usiyapunguze makali kwa kuona haya wala kuyaongeza kwa hasira, na taja wawili au watatu waliosikia, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa baada yako.